Barua Zenu: Binti amepewa daftari, wavulana wamepewa mashine

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Mwezi uliopita niliwaomba wanafunzi na wazazi mniandikie kuhusu ubaguzi wa kijinsia vyuoni. Nilitegemea barua tano, sita hivi. Zimejaza bahasha nzima ya kaki, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi zilizochanwa daftarini, nyingine ni meseji za usiku wa manane. Nilifanya kazi ofisi ya ustawi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Dodoma kuanzia 1999 hadi nilipostaafu 2021, kwa hiyo mengi ya humu nayajua kwa sura. Leo najibu nne. Majina nimeyaondoa na vyuo sivitaji.

*Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili, nasoma upimaji wa ardhi. Kundi letu la vitendo tuko saba, wasichana wawili. Tangu semesta ianze sijawahi kuisimamisha mashine ya kupimia hata mara moja. Wavulana ndio wanaoshika mashine, mwenzangu anasimama kule juani na fimbo ya vipimo, mimi nimepewa daftari. Mwalimu alipita akasema, "Vizuri, huyu ana mwandiko." Nikisema nataka kujaribu, wenzangu wanajibu kwamba wananihurumia, ile miguu mitatu ya mashine ni mizito. Huu ni ubaguzi, au najikuza tu?*

Marahaba mwanangu. Hujikuzi. Ni ubaguzi, na unasumbua kuushika kwa sababu hakuna aliyekutukana. Wamekuhurumia, wamekusifia mwandiko, na bado utamaliza chuo hujui kusimamisha mashine. Siku ya kwanza kazini mhandisi atakwambia "haya, tega", hatauliza nani alikuhurumia mwaka wa pili.

Nikusimulie nilichokiona kwa macho yangu. Chuoni kwetu kulikuwa na mzee wa stoo ya vifaa, mtu wa Mpwapwa, aliyekuwa akifika saa kumi na mbili asubuhi. Binti mmoja mwenye shida kama yako alimwomba amfundishe kabla wenzake hawajaamka. Ilikuwa Julai, miezi ile ambayo upepo wetu ukianza kuinua vumbi huoni kitu, kwa hiyo walikuwa wanawahi. Nilikuwa nakwenda ofisini, nikasimama kuwatazama. Binti alifungua miguu mitatu, akaikanyaga mmoja mmoja mpaka ncha zikazama kwenye udongo mwekundu, akakaza mashine juu yake, akaanza kuzungusha skrubu huku jicho lake liko kwenye kiputo. Kiputo kikakimbilia kushoto. Akakirudisha. Kikakimbilia kulia. Mkono ukaanza kumtetemeka, akamgeukia mzee. Mzee yule hakumpokonya mashine. Alikuwa amekalia sanduku lake, mikono juu ya mapaja, akasema tu, "Polepole, zungusha zote mbili pamoja." Ilichukua dakika ishirini nzima kiputo kikatulia katikati ya duara. Siku ya nne niliwakuta tena, na binti alitumia muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Hilo la kutopokonya ndilo ninalowaomba walimu wote wa vitendo wanaosoma ukurasa huu. Mwanafunzi anayechelewa akiachwa achelewe, anajifunza. Akipokonywa mara tatu, mara ya nne hajitokezi, halafu mnasema wasichana hawapendi mashine.

Sasa wewe fanya hivi. Usimwendee mwalimu na neno "wananibagua" peke yake, mwendee na karatasi. Chora zamu za wiki zote zilizobaki: nani mashine, nani fimbo, nani daftari, kila mtu azunguke kote. Mwambie, "Mwalimu, mtihani wa vitendo ni wa kila mmoja wetu, tunaomba zamu hii ipite." Wengi watasaini hapo hapo, maana hawakuwahi hata kuliona tatizo. Asiposaini, andika barua kwa mkuu wa idara, utaje tarehe za vipindi na nani alishika nini. Daftari wamekupa wao, basi litumie.

Na kuhusu uzito: sisi Wagogo ngoma ya muheme inapigwa na wanawake, wameibana katikati ya magoti, wanaipiga mpaka usiku unakwisha. Sijasikia mtu wa Bahi akisema ile ngoma ni nzito kwa mwanamke.

*Shikamoo Mama. Nimepewa sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo ambalo nilikuwa na uhakika nimefaulu. Nilipomfuata mwalimu kuuliza koziweki zangu, kazi za semesta, akasema karatasi anazo, ila tuonane Jumamosi jioni, tena si ofisini. Akanitumia jina la gesti. Sikujibu. Sasa ananitumia meseji kila siku, anasema nisipoelewa nitadisko, nifukuzwe masomo. Rafiki yangu ananishauri nifute meseji zote na kuizuia namba yake. Baba ni mkulima wa alizeti, aliuza mbuzi nije huku. Nikidisko nitamwambia nini?*

Usifute. Ukisoma mstari huu tu ukaufunga ukurasa, utakuwa umepata la maana kuliko yote. Piga skrinishoti ya kila meseji, namba na tarehe zionekane, umtumie mtu mmoja unayemwamini azihifadhi kwenye simu yake pia. Na siku ile aliyokutajia gesti, andika leo hii kwenye karatasi: saa ngapi, mlikuwa wapi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, nani alikuwa karibu.

Anachokifanya kina jina kwenye sheria za nchi hii. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema mtu mwenye mamlaka akidai ngono au upendeleo mwingine wowote ili akupe kazi, cheo au haki, ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Litazame vizuri neno hilo "akidai". Kosa limeshatendeka alipodai. Huhitaji kwenda gesti ndipo uwe na ushahidi, na nakuomba sana, usiende kumnasa peke yako. Piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure, au nenda ofisini kwao hapa mjini ukiwa na hizo meseji. Ukiwahi wakati bado anakutafuta, maafisa ndio watakaoamua namna ya kumfikia, hiyo ni kazi yao.

Wakati huo huo peleka shauri chuoni. Siku hizi vyuo vingi vina dawati la jinsia, mahali mwanafunzi anaposikilizwa faragha. Kama chako hakina, nenda kwa mlezi wa wanafunzi. Usiende peke yako, nenda na rafiki asiyeogopa kukaa kimya kwenye kiti huku wewe unaongea. Mambo mawili yaombe kwa maandishi: karatasi zako zisahihishwe na mtu mwingine, na mtihani wa sapu usiwe mikononi mwa mwalimu huyo. Nakala utakayobaki nayo waigongee muhuri wa kupokea. Nimeona mashauri mengi yakipotea kwenye droo kwa sababu mwanafunzi alitoa barua moja akabaki mikono mitupu.

Sasa nikwambie kwa nini nimeanza na "usifute". Kati ya 2003 na 2004, sikumbuki mwezi, aliingia ofisini kwangu binti mwenye kisa kama hiki. Alikaa ukingoni mwa kiti, begi amelipakata. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia, "Vumilia mwanangu, ni semesta moja tu, ukishapita hutamwona tena." Nilimwambia hivyo kwa sauti nzuri ya mama. Akasema asante. Alikwenda likizo ya Pasaka na hakurudi, na mwenzake wa chumba ndiye aliyekuja kuchukua godoro lake. Sheria ya 2007 ilikuwa bado, lakini unyanyasaji wa kijinsia ulikuwa tayari ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na nakala yake ilikuwa kwenye kabati langu. Sikuifungua. Mwalimu yule aliendelea kufundisha. Ninaandika haya kwa sababu wapo watu wengi leo wanaokalia kiti kama kile changu, na wanaambiwa maneno kama yale, na jibu la "vumilia" liko karibu sana na ulimi. Ukiwa na kiti hicho, inuka, funga mlango, chukua kalamu, uandike anachokwambia neno kwa neno, kisha umsindikize mwenyewe mpaka pale shauri linapofunguliwa.

Umeniuliza utamwambia nini baba. Mwambie leo, kabla ya matokeo. Baba aliyeuza mbuzi kwa ajili yako ana haki ya kusikia kutoka kwako kwamba mtu anataka kukuibia jasho lake. Ukiona mdomo mzito, anza na mama au shangazi. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao hutoa msaada wa kisheria. Niandikie tena baada ya wiki mbili, nitaisubiri barua yako.

*Mama, habari za kazi. Mimi ni kijana wa kiume, mwaka wa kwanza, nasoma sayansi. Kila siku nasikia ufadhili wa wasichana, mafunzo ya wasichana, nafasi za wasichana. Katiba si inasema wote ni sawa? Huku si kutubagua sisi?*

Swali lako ni halali, na nashukuru umeliuliza bila matusi, maana wengine wameniandikia kwa hasira. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Endelea mpaka ya 13. Pale wanapoeleza maana ya kubagua, neno jinsia liliongezwa mwaka 2000, na hapo hapo Katiba inaiachia Serikali nafasi ya kuchukua hatua za makusudi kurekebisha matatizo yaliyomo katika jamii. Kwa hiyo unachokilalamikia kimeruhusiwa na ibara ile ile unayoitegemea.

Tena si jambo la jana. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini katika miaka ile ya kusubiri, mvulana alipata uzoefu, na wasichana wengi walipata mume na mtoto. Wanawake wakapungua chuoni, na mwaka 1976 Serikali ikawaondolea wao sharti hilo. Sharti lilikuwa sawa, njia hazikuwa sawa.

Lakini kama kuna mahali umenyimwa kitu kwa sababu wewe ni mwanamume, niandikie. Nimewahi kupokea mvulana wa uuguzi aliyekatazwa kuingia wodi ya wazazi kujifunza wakati wenzake wa kike wanaingia, na mtihani ni huo huo. Ule nao ni ubaguzi, na tulikwenda kudai haki yake kwa barua mpaka akapangiwa zamu.

*Dada yangu, salaam kutoka Kibaigwa. Nina watoto wawili waliofaulu kidato cha sita mwaka mmoja, kijana na binti. Binti amefaulu zaidi. Bei ya mahindi unaijua, siwezi wote. Ndugu wanasema kijana asome kwanza, binti chuo kitamharibu. Nawe barua unazochapisha zinanitia hofu zaidi. Nifanyeje?*

Kaka yangu, nimekuelewa. Hofu yako sitaicheka, barua ya pili hapo juu umeisoma mwenyewe. Lakini wabaya wako Kibaigwa pia, wako sokoni kwenye mahindi na wako barabarani. Binti aliyebaki nyumbani bila cheti hana dawati la kwenda kushtaki, na ana miaka mingi ya kumtegemea mwanamume atakayempata, awe mwema au asiwe.

Kuhusu pesa, Bodi ya Mikopo haikopeshi familia, inamkopesha mwanafunzi. Wote wawili waombe, kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja apimwe kwa hali yake. Mkopo hautoshi kila kitu, hilo nakwambia mapema, kuna wiki watakula kande na maharage mpaka wachoke. Ila kabla hujachagua nani abaki, subiri kwanza uone nani amepata nini. Huenda hutalazimika kuchagua.

Na kabla binti hajapanda basi, mkalishe chini. Wewe mwenyewe, usimtume mama yake. Mwambie, "Mtu yeyote akikusumbua huko, awe mwalimu, awe nani, nipigie, hata saa nane za usiku nitapokea, na sitakuuliza ulikuwa umevaa nini." Katika miaka yangu yote pale ofisini, waliothubutu kusema mapema walikuwa wale wenye mtu wa kumpigia nyumbani.

Anza na vyeti vya kuzaliwa. Bodi inataka vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, na dirisha la maombi likishafunguliwa watu ni wengi na mtandao unasumbua, kwa hiyo vipeleke vyote viwili wiki hii. Fomu ya mkopo itahitaji pia saini ya kiongozi wa serikali yako ya kijiji na ya mdhamini. Angalia jina la binti kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane herufi kwa herufi na la cheti cha kidato cha nne. Likitofautiana, usisubiri, nenda na kiapo kwa wakili pale Kongwa kabla ya Ijumaa.