Maswali ya Wasomaji: Annika alivyotoka gofu ya ridhaa hadi ya kulipwa

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 13, anacheza gofu hapa Tanga kwa seti moja ya fimbo anayotumia na mwenzake. Nimeambiwa Annika Sörenstam wa Sweden naye alianza hivyo. Ni kweli? Na alifikaje kwenye gofu ya kulipwa? (Mama, Chumbageni)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Ni kweli. Annika alizaliwa 1970, akakulia Bro, karibu na Stockholm, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa tenisi. Gofu aliishika akiwa na miaka 12. Seti ya kwanza aligawana na mdogo wake Charlotta: yeye fimbo za namba witiri, mdogo wake za shufwa. Handikapu yake ya kwanza, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, ilikuwa 54, ambayo leo ndiyo ya juu kabisa kuruhusiwa.

Mgawanyo huo una faida. Kati ya fimbo ya chuma namba 7 na namba 8 pana tofauti ya mita kama 10. Asiye na namba 8 hana budi kuchukua 7 na kuupunguza mkwaju: ashike mpini chini kidogo, airudishe fimbo nyuma nusu tu. Mkono hujifunza mengi hapo.

Tahadhari iko kwenye mashindano. Wachezaji wawili wanaoshindana hawaruhusiwi kuazimana fimbo katikati ya raundi. Adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo walipofanya hivyo, isiyozidi 4 kwa raundi. Wanaocheza kama wenzi wa timu moja wanaruhusiwa, mradi fimbo zao zote kwa pamoja hazizidi 14. Kwa hiyo binti yako na mwenzake wagawane kabla ya shimo la kwanza, kila mmoja na mfuko wake, na asiguse fimbo za mwenzake mpaka raundi iishe.

Sasa safari yenyewe. Annika alikuwa na haya hata akawa anaharibu mikwaju ya mwisho makusudi, ashike nafasi ya pili asipewe hotuba ya mshindi. Walimu wakagundua, wakaamuru wa kwanza na wa pili wote wahutubie. Akaona basi bora ashinde. Mama, kama mwanao ni mpole uwanjani, usimlazimishe makelele. Mzoeshe kusimama mbele ya watu.

Akaingia timu ya taifa, kisha Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akatwaa ubingwa wa vyuo vya huko; hakuna wa mwaka wa kwanza wala asiye Mmarekani aliyewahi kuupata kabla yake. Mwaka 1992 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa, akaamua kwenda kulipwa.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Katika mchujo wa kupata kadi, yaani kibali cha kucheza, ya LPGA (ziara, au mfululizo wa mashindano, ya wanawake wa kulipwa Marekani) alikosa kwa mkwaju mmoja. Hakukaa nyumbani kusubiri mchujo mwingine. Mwaka 1993 alicheza ziara ya Ulaya, akawa mchezaji mpya bora wa mwaka, na mwaka 1994 alikuwa LPGA, ambako nako alichaguliwa mchezaji mpya bora. Ushindi wake wa kwanza LPGA ulikuwa US Women's Open ya 1995. Alimaliza na ushindi 72 wa LPGA, 10 kati yake ukiwa wa mashindano makubwa (yaitwayo majors), na mwaka 2001 alipiga raundi ya mikwaju 59.

SWALI: Njia ya chuo bado ipo? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Ipo, na kwa wanaume imefupishwa. Ludvig Åberg, naye Msweden, alisoma Texas Tech. Mwaka 2023 aliongoza orodha ya wanafunzi ya PGA Tour, ziara ya wanaume ya Marekani, akapewa kadi moja kwa moja bila mchujo. Septemba hiyohiyo alishinda mashindano ya ziara ya Ulaya huko Uswisi, akacheza Ryder Cup (timu ya Ulaya dhidi ya Marekani) huko Roma kabla hajagusa major hata moja.

SWALI: Mimi ni kedi. Malipo ya kubeba begi yananiondoa kwenye ridhaa? Na handikapu naipataje? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Hayakuondoi, ndugu yetu. Beba begi, pokea ujira wako. Hata fimbo za bure na nauli ya mfadhili zinaruhusiwa tangu kanuni zilipobadilishwa 2022. Kinachokuondoa ni kulipwa kwa kumfundisha mtu gofu, au kupokea zawadi inayozidi dola 1,000. Fedha taslimu chini ya kiwango hicho pokea tu pale mnaposhindana bila handikapu. Kwenye shindano la handikapu, kataa bahasha, chukua kikombe au bidhaa.

Handikapu inahitaji mashimo 54, yaani raundi 3 za mashimo 18, kila kadi ikiwa imesainiwa na aliyekuhesabia. Huchukuliwa raundi yako bora kati ya hizo, kwa mikwaju iliyozidi kipimo cha uwanja, ikapunguzwa 2. Ukifikisha raundi 20, hutumika wastani wa 8 bora. Kosa la kawaida kwa vijana ni kurudisha kadi nzuri na kuchana mbaya. Handikapu inashuka kuliko uwezo wako, na siku ya mashindano unaumbuka mapema. Rudisha zote.