Sarafu ya duka, je ni "sarafu bandia"?

Swali: Shikamoo mwalimu, naandika toka Masasi. Nimekuta habari za wafanyabiashara wa Marekani waliojitengenezea visarafu vyao wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe sababu chenji iliadimika. Niviite sarafu bandia au tokeni?

Jibu: Marahaba. Bandia iache. Meno bandia, nywele bandia, hapo hamna neno, ila likikaa na pesa tu msomaji anawaza polisi, na hawa wengi wao hawakuwa wanafoji. Mwaka 1862 watu walizificha mpaka senti, mwenye duka anauza anashindwa kurudisha, basi akagongesha vipande vya shaba vyenye jina lake na kazi yake, ukirudi navyo anakupa bidhaa. Sasa wajanja hawakosekani, wapo walioiga kabisa senti ya serikali wakaandika SI SENTI MOJA, hiyo "si" wameifanya ndogooo ili usiione haraka, kwa hao ukisema bandia sitagombana na wewe.

Kwa hiyo andika tokeni za maduka, na hilo "za maduka" usiliruke, maana huku kwetu ukisema tokeni peke yake mtu anatafuta namba za umeme wa LUKU kwenye simu. Wingi haubadiliki, tokeni hii tokeni hizi, matokeni hapana.

Kipimo chake ni je, aliyeitoa anaipokea? Mangi wa duka akikosa chenji ya mia akakupa pipi, kesho mrudishie hizo pipi uone kama atakupa kiberiti! Hiyo sio tokeni. Lindenmueller wa New York, mwenye baa, alitoa zaidi ya milioni moja, kampuni ya magari ya abiria ya kukokotwa na farasi ikamrundikia zake azilipe akagoma, na hapo ahadi ndo imekufa. Mwaka 1864 bunge lao likapiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Halafu usizichanganye na zile zilizogongwa Tabora 1916 kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani alipobanwa baharini na meli za Mwingereza sarafu zikawa haziji, akatengeneza za heller 20 na 5, nyingi za shaba nyeupe na nyekundu, hata ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Zile ni za serikali, ziite sarafu za dharura. Na ndo heller hiyohiyo tunayoidaiana mpaka leo tukisema hela.