Maswali na Majibu: Nyuki Wadogo na Matunda Yetu

Parachichi zangu za aina ya Hass zinachanua vizuri lakini maua yanapukutika. Nipige dawa gani? (Tukuyu)

Kila msimu swali hili linarudi, na kila msimu mtu anawaza dawa kwanza. Usipige! Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hujifunga, kisha hufunguka tena kesho yake mchana likiwa dume. Chavua sharti iletwe na mdudu. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, huenda kinyume, jike mchana na dume asubuhi, ndiyo maana tunasema pandeni michache katikati ya Hass.

Parachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huko nyuki wa asali hawakuwepo mpaka Wazungu walipowapeleka. Nyuki wasiouma, hawa tunaowaita nyuki wadogo, walikuwepo tangu hapo. Jamaa zao unao hapo kwako, kwenye magogo na nyufa za kuta. Wengi wao hawaendi mbali, mita mia chache tu, kwa hiyo ukifyeka miti yote ya pembeni umewafukuza. Na usishtuke kwa kila ua linalodondoka: hata mti wenye afya haufikishi tunda moja kwa maua mia.

Nyuki wadogo wataniongezea kakao? (Kyela)

Hapana. Kakao huchavushwa na visubi, vijinzi vidogo sana wanaozaliana kwenye majani yanayooza. Acha kufagia shamba kama uwanja wa nyumba.

Na migomba? (Rungwe)

Ndizi zetu hazihitaji kuchavushwa.

Nimeona kundi la nyuki wadogo ndani ya mti mkavu. Niukate nirine asali? (Mufindi)

Nimeshalijibu hili, na nitalijibu tena kwa sababu miti bado inakatwa. Malkia wao akishaanza kutaga hujaa mayai tumboni na hawezi kuruka. Nyuki wakubwa, wale wa asali wanaouma, wakivurugwa huweza kuhama, hawa hawawezi. Unapata asali kidogo, iliyo kwenye vijichungu vya nta na utomvu, halafu kundi lote linakufa. Asali yenyewe ina maji mengi, huchachuka upesi. Ndiyo, bei yake iko juu, lakini nyuki hao hao ndio wanaokufungishia matunda mwaka mzima.

Kama mti umeshaanguka, subiri giza liingie wote warudi ndani. Kata kipande chenye kiota, ziba ncha zote mbili ukiacha tundu lao la kuingilia, kisimamishe kama kilivyokuwa, kiweke kivulini mahali siafu hawafiki.

Pasheni yangu imejaa nyuki wadogo, matunda machache. (Njombe)

Hapo ni wezi. Kwa udogo wao wanabeba chavua bila kugusa sehemu inayoipokea. Pasheni inamtaka nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao kavu, yule mnayemuua kwa kuharibu boriti. Mwachieni magogo makavu pembeni ya shamba. Pasheni ya njano ndiyo inayomhitaji zaidi, maana haijichavushi. Tena kwa baridi ya Njombe, nyuki wadogo hawatoki mpaka jua lipate moto. Asubuhi msiwategemee peke yao.

Nipige dawa saa ngapi nisiue nyuki? (Mbozi)

Jioni nyuki wakisharudi, na kamwe si wakati wa maua. Lakini dawa inayonyonywa na mti, kama imidaklopridi, hata ukiipiga usiku hufika kwenye chavua na maji matamu ya ua. Soma lebo kabla ya kulipa. Chupa isiyo na lebo usiipokee, hata uuziwe nusu bei.