Re: Nashinda njaa mchana, usiku nakula hadi tumbo linauma (Moshi)

Habari dada. Kwa nilivyokuelewa: asubuhi chai ya rangi tupu, mchana huli, saa 3 usiku unamaliza chapati nne umesimama jikoni, halafu kesho yake unashinda njaa ili kufidia.

Anza na mchana, usiku uache kwanza. Mwili ulioshinda njaa lazima udai chake. Huo si ulafi.

Kula ndani ya saa moja baada ya kuamka, kisha usikae zaidi ya saa nne mfululizo bila kula kitu. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa, na yai. Saa 7 bakuli la kiburu (ndizi na maharage) au mtori wenye nyama (mtori mtupu hautakufikisha jioni). Saa 10 nusu parachichi au ndizi mbivu na karanga kiganja kimoja. Usiku chapati ipo, ila pakua na ukae.

Wengi hukwama asubuhi ya baada ya kuvimbiwa. Hapo ndipo uji unywewe, hata nusu kikombe. Ukiuruka, mzunguko umeanza upya.

Mizani weka mbali. Shangazi akisema "umenenepa", jibu "shikamoo shangazi" na ubadilishe mada.

Ila kama unajitapisha, unatumia dawa za kukufanya uharishe, au hedhi imekata, usingoje: nenda hospitali ya Mawenzi, ulizia huduma ya afya ya akili. Kutapika mara kwa mara hushusha madini ya potasiamu mwilini, na moyo huweza kupiga ovyo. Kama una dawa za kisukari, muulize daktari kabla ya kubadili saa za kula.