Sokoni bodaboda, msikitini bodaboda!

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Ngamiani hapa Tanga, kila nikitoka ni bodaboda hata kwenda barabara ya pili tu, buku kwenda buku kurudi, na nikisema nitembee majirani wananiuliza kulikoni, umefulia? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache waseme, pesa si yako? Kilomita moja kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 12 hadi 15, saa ingine hata boda wako hajafika ushafika wewe, na Ngamiani ilivyonyooka na barabara zina namba utapoteaje? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, basi ukienda sokoni kwa miguu robo saa na kurudi robo saa, siku 5, ushazimaliza bila hata kulipia jimu. Jua la Tanga nalijua, toka asubuhi ama baada ya alasiri, chukua mwavuli. Mzigo wa mchele kilo 20 hapo panda boda tu, sijakwambia ujitese. Ila ongeza dakika za salamu barazani, hizo hazikwepeki!