Jibu: Wesley wa Winchester na Wesley wa Gloucester ni mtu mmoja?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu ukurasa mmoja unasema Wesley mpiga kinanda alifariki 1837, mwingine unasema alikuwa Gloucester mwaka 1865. Mimi nilichanganyikiwa hivyohivyo nilipokuwa naandaa karatasi ya programu ya kwaya yetu. Wako wawili, baba na mwana, nami nikambandika Wesley baba picha ya mwanawe, na mwalimu wa kwaya hajanisahaulisha mpaka leo.

Kwanza kabisa tazama kama jina la kati lipo. Samuel Wesley (1766–1837) ni baba, mtoto wa Charles Wesley yule mtunzi wa tenzi za Wamethodisti. Samuel Sebastian Wesley (1810–1876) ndiye mwana, na ndiye unayemtafuta.

Huyu mwana hakutulia. Alianza kupiga kinanda katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, 1832, akaenda la Exeter 1835, akaacha kabisa makanisa makuu na kupiga katika kanisa la parokia la Leeds kuanzia 1842, kisha akarudi makanisa makuu: Winchester 1849, mwisho Gloucester 1865 hadi kifo. Kwa hiyo Wesley wa Winchester na wa Gloucester ni mtu mmoja, huyu mwana. Kurasa zako zote mbili ziko sawa, ila zinazungumzia watu wawili: aliyefariki 1837 ni baba.

Winchester ndiko alikoacha alama kubwa, kwa maoni yangu. Kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na Henry Willis, kilichowavutia watu kwenye Maonyesho Makubwa ya London 1851, kilinunuliwa, kikapunguzwa ukubwa na kuwekwa katika kanisa kuu la Winchester 1854.

Angalizo moja: usimtafutie kaburi Gloucester. Alifia huko, lakini alizikwa Exeter.