Hujui kusoma? Bado unaweza kumsaidia mwanao asome

Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Ukiwa na watoto 90, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 wapo walimu wenye zaidi ya hao, kila mtoto anapata sekunde 20 za kusikilizwa. Hapo hujaita majina wala hujaandika neno ubaoni. Ndiyo maana nawaambia wazazi wa shule yetu huku Mkuranga: silabi nitamfundisha, ila kumsikiliza akisoma kila siku siwezi. Hiyo ni kazi ya nyumbani.

Jibu ninalopewa mara nyingi, hasa na mabibi wanaolea wajukuu, ni hili: "Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kusoma." Bibi, si lazima ujue. Mtoto anataka mtu wa kumsikiliza mwenye subira, asiyemcheka. Kaa naye kabla giza halijaingia, aweke kidole chini ya kila neno. Kidole kikisimama na mdomo ukaendelea, huyo hasomi, amekariri. Ziba picha kwa kiganja, arudie ule mstari. Gusa neno lolote katikati ya ukurasa, muulize, "Na hili?" Akilitaja, mwambie akuonyeshe mahali pengine lilipoandikwa, kama yanafanana au hayafanani, macho yako yatakwambia. Mwisho afunge kitabu akuhadithie. Ikiwa hadithi haina kichwa wala miguu, asome tena.

Kuna bibi mmoja hapa kijijini alikuja shuleni asubuhi kuniambia, "Mjukuu wangu ng'ombe hamuwezi." Hajui herufi hata moja, lakini masikio yake yalikuwa yamenasa kwamba mtoto analitamka neno lile kama anavyoianza "ngoma". Kile kitone cha juu mtoto alikuwa anakipita tu. Tulikifanyia kazi kwa siku chache, kikaisha. Katika zile sekunde 20 za darasani, nani angekigundua?

Walimu wenzangu mnaotaka kuanzisha mpango huu, angalieni namna mnavyoita kikao. Mzazi amezoea kuitwa shuleni kwa mambo mawili: michango, au mtoto amefanya utundu. Kwa hiyo mtangulie kusema kwamba hakuna mchango. Msikiweke siku ya gulio, wala wakati watu wapo kwenye korosho. Na msihutubie. Mtoto mmoja asome mbele ya watu, waone mwalimu anavyomsikiliza, kisha kila mzazi akae na mwanawe pale pale chini ya mwembe ajaribu. Akina baba waiteni kwa majina yao. Ukisema "wazazi wote" wanatuma mama.

Vitabu ndio mtihani mkubwa. Shule nyingi zinavifungia kabatini zikiogopa vitapotea, na hofu hiyo naielewa, kwa sababu kikipotea anayeulizwa ni mwalimu mkuu. Hata hivyo, kitabu kilichokaa kabatini miaka mitatu kikiwa kipya hakijamfaa mtu. Fungueni daftari la kuazima, mzazi atie sahihi au dole gumba. Vingine vitarudi na madoa ya mafuta ya nazi. Vipokeeni.

Visipokuwepo kabisa, mwenye simu ya intaneti atapata hadithi fupi za Kiswahili bila malipo kwenye tovuti ya African Storybook, na zinaruhusiwa kuchapwa na kugawiwa. Mimi lakini napenda zaidi hadithi za hapa hapa. Namwita bibi darasani, anasema "Paukwa!", watoto wanaitikia "Pakawa!", naye anatamba huku mimi naandika sentensi fupi fupi kwenye karatasi ya manila. Kesho yake hiyo ndiyo inayosomwa, na nakala inakwenda nyumbani. Mtoto anasoma maneno aliyokwisha kuyasikia, kwa hiyo haogopi. Naye bibi hadanganyiki kwenye hadithi yake mwenyewe: ukimruka sungura, unarudishwa nyuma.

Tena baadhi ya mabibi hawa walipita ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walijifunza kusoma jioni, wakitoka shamba. Wengi walisahau kwa kukosa cha kusoma. Leo wakifuata kidole cha mjukuu, naona midomo yao inatangulia kulitaja neno. Bibi wa namna hiyo akija kuazima kitabu cha mtoto, mpe na cha pili chenye herufi kubwa, cha kwake, na daftarini kiandikwe kwa jina lake.